Jina la Tisa

"Tisa! Wote watadeki madarasa leo," alifoka Mwalimu Kigadye wa nidhamu, akipunga orodha ya wapiga kelele aliyoletewa na kiranja wa darasa la tatu.

"Majina umeyasoma?" aliuliza Mwalimu Chausiku, msimamizi wa malezi shuleni.

"Ya nini? Nahitaji ndoo tisa tu."

"Soma la mwisho."

Akasoma. "Zawena? Yule bubu wetu?"

"Si bubu. Muhula mzima hajatamka neno hapa. Nimemwimbia, nimemchorea, nimemletea hata paka. Leo kaandikwa, tena mara mbili kwenye mstari huohuo!"

Kigadye alimgeukia kiranja. "Levina, alifanya nini?"

"Alicheka, Mwalimu, nikamwandika. Akasema, 'Niandike tena.' Nikamwandika tena."

Kigadye alijaribu kukunja uso, akashindwa. "Lakini nikimsamehe yeye peke yake, wale wanane watasema napendelea."

"Na ukimdekisha, ataufunga tena huo mdomo. Mimi paka mwingine sina."

Kigadye aliitazama orodha, kisha akaichana vipande vinne. "Wote wamesamehewa. Levina, rudi darasani, na leo usiandike mtu."

Levina alitoka mbio. Walimu walimfuata hadi mwanzo wa baraza, na hapo Kigadye akasimama ghafla. Darasa zima liliijua milio ya viatu vyake, na likiisikia hunyamaza. Akainama, akavivua, akatembea na soksi mpaka chini ya dirisha. Ndani, katikati ya kelele, sauti moja nyembamba ilikuwa ikibishana na wote.