Kidole cha Mzee wa Kanisa

Bonareri alipita tena kitanda hadi kitanda na ndoo yake, akiomba makombo: ugali uliopoa, maganda ya ndizi, mabaki ya supu. Wodini humo, hospitalini Kisii, walishamzoea.

"Mama Job, unatuaibisha," mumewe alinong'ona. Siku hizi hata kunong'ona kulimchosha Mogaka.

"Ni ya kuku," akajibu, akaendelea zake.

Daktari Nyanchama aliingia bila tabasamu. Homa ilikataa kushuka. Kijidudu kilikuwa kinaitafuna vali ya moyo wa Mogaka, na dawa kali ya dripu haikukigusa.

"Maabara wameotesha kutoka damu yako kijidudu wasichokifahamu vizuri," alisema. "Mzee, kidole hiki kiliumia wapi?"

"Jembe lilinikata. Kwa shamba la chai."

"Kazi yako ni chai tu?"

"Chai tu. Jumapili huenda Suneka kumwona dada yangu."

"Rangi hii ya zambarau kidoleni hailetwi na jembe. Nimeiona kwa watu wanaoshika nguruwe."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka kutazama. Waumini wa Sabato walikuwa wametoka hapo punde kumwombea, na mmoja alikuwa amesahau Biblia yake kitandani.

"Mimi ni mzee wa kanisa," Mogaka alisema. "Nguruwe ni najisi. Sijawahi kumgusa."

"Sikuulizi dini, Mzee. Kama ni nguruwe, dawa yake ninayo. Kama siye, nikibadilisha kwa kubahatisha nitakumaliza. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Nimeshakwambia."

Daktari alimwomba Bonareri atoke kidogo. Mogaka akamshika mkewe mkono asiondoke. Kufa alikuogopa, jasho lake lilisema wazi, ila aibu aliiogopa zaidi. Wanaume wengine bwana.

"Basi tuendelee na ile ile," daktari alisema kwa uchungu, akageuka kuondoka.

Bonareri aliweka ndoo chini.

"Badilisha dawa, Daktari."

"Mama Job..."

"Nyamaza, Baba Job." Alikaa kando yake, akampangusa jasho kwa leso. "Kwani jioni nikitoka hapa na ndoo, unafikiri mimi huenda wapi? Yule jike wako wa baka jeupe, huko bandani Suneka, amezaa Jumanne. Wote wazima."