Kipimo cha Fundi Klementi

Nesi Justa alipoubana utepe wa kupimia kwenye kiwiko cha Fundi Klementi na kuuvuta kuelekea kiganjani, mzee akajua amekwisha.

Hakuna mtu Kipatimu nzima aliyeijua maana ya kipimo kile kama yeye. Yeye ndiye alikuwa mtengeneza majeneza. Tangu ujanani hakuwahi kumtandazia marehemu kamba kutoka kichwani hadi miguuni mbele ya wafiwa. Aliona ni ukatili. Aliingia chumbani, akaushika mkono wa marehemu kama anayemuaga, akapima kimyakimya kwa shubiri zake kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne kama huo ndio urefu wa mtu, awe tajiri awe hohehahe. Kisha akaenda kukata mbao. Watu walimheshimu sana, ingawa wenye akili zao hawakumpa mkono wakiwa na homa.

Sasa kapimwa yeye.

"Usiwe na wasiwasi, babu," Justa alisema. Maneno hayohayo mzee alizoea kuwaambia wajane.

Lakini si kifo kilichomchoma. Kufa alishakukubali tangu walipomshusha hapo hospitali kwa kubebwa, mapafu yamejaa, miguu haisimami. Kilichomchoma ni kwamba yule binti aliishia kwenye kifundo cha mkono. Kiganja na vidole vyote kaviacha nje! Mzee alipiga hesabu kichwani, jasho likamtoka. Kipimo hicho kikifika kwa Kornelio, fundi pekee aliyebaki kijijini, jeneza litakuwa la mtoto. Watamkunja miguu. Na Kornelio mwenyewe, jamani, Kornelio yule anayeziba nyufa kwa gundi na vumbi la mbao, misumari imechomoza kila kona! Klementi azikwe humo, mbele ya ndugu wa watu aliowazika vizuri? Thubutu.

Alitamani kumuuliza daktari, akaona aibu. Na ya kuuliza yalikuwa nini, wakati dalili zote zilikuwa wazi? Jioni ileile Justa alimletea uji mzito wa karanga, bakuli limejaa pomoni, akasimama kando mpaka alipoumaliza. Sindano nazo zikaongezwa. Mtu huhudumiwa hivyo akiwa anaondoka. Baada ya siku kadhaa kifua kikalegea, akaweza kukaa, hata kwenda chooni kwa kushika ukuta, na hilo ndilo likamtisha zaidi. Nafuu ya kuagia aliijua. Alishawaona wengi, leo wanaomba supu ya kuku, kesho anaitwa yeye na msumeno wake.

Basi hakungoja. Asubuhi moja, wodi ilipojaa watu waliokuja kuwaona wagonjwa wao, alijitanda shuka mabegani, akatoka katikati yao kama mmoja wao, akapanda bodaboda.

Mkewe, Marietha, alipomuona mlangoni alilia kwa furaha. Klementi akamwambia wamemruhusu. Na dawa? Dawa zimekwisha, alijibu, akapitiliza hadi kwenye kibanda chake cha useremala nyuma ya nyumba.

Mbao alikuwa nazo. Mninga safi, aliouweka miaka mingi kwa ajili ya mtu wa maana, na sasa mtu huyo alikuwa amepatikana. Alijipima mwenyewe, kiwiko hadi ncha ya kidole, na kidole chote kikiwemo, akasema moyoni kwamba laiti yule binti angekuwepo ajifunze kazi. Akaanza kupiga randa. Pumzi ikimkatika anakaa juu ya gogo, ikirudi anainuka. Marietha alipouliza nani kafa, aliambiwa ni kazi ya mteja asiyeweza kukataliwa. Homa iliporudi, mama wa watu akamsihi apumzike. Akakemewa. Kikohozi kilipokuwa kinamkunja usiku kucha, mzee alisema ni vumbi la mbao tu.

Siku aliyomaliza, alipitisha kucha kwenye kila kiungo asipate mwanya. Alijiona fahari, na hakuificha. Akaingia ndani ya jeneza kulijaribu, kama mteja wa fundi cherehani anavyojaribu suruali kabla haijapigwa pindo. Visigino vikagusa ubao wa chini, utosi ukagusa wa juu. Barabara kabisa. Kornelio afe kwa wivu! Akafumba macho apumzike kidogo.

Akasikia pikipiki uani, kisha sauti aliyoifahamu.

"Shikamoo, mama. Babu Klementi yuko? Tumemtafuta sana."

"Marahaba, mwanangu. Amejipumzisha huko kibandani. Kwani si mlimruhusu?"

"Nani amruhusu, mama? Alibakiza sindano chache tu, na kifua kilishaanza kupona. Siku ile alishindwa kusimama, nikampima mkono ili tujue urefu wake, daktari apate kiasi cha dawa na chakula cha kumpa. Nimekuja nazo hizo sindano. Tukianza leo, atapona kabisa."

Marietha alimshukuru Mungu kwa sauti, akamvutia mgeni kiti.

"Basi kaa kwanza unywe chai. Tumwache alale. Leo ndiyo mara ya kwanza simsikii akikohoa."

Klementi alisikia kila neno. Kumbe! Akataka kucheka. Akataka kuinua mkono agonge ubao, waje upesi.

Mkono haukuinuka.