Msalaba wa Ndolo

Siku waliyomzika Ndolo, seremala alisimama na brashi ya rangi mkononi akingoja aambiwe jina. Syokau, mama wa marehemu, akamwambia aache msalaba ulivyo. Watu wa Kasikeu walidhani ni uchungu. Kijana wa miaka kumi na saba, malaria ya siku nne. Hata kwa chifu hakwenda mtu kuripoti kifo.

Wiki iliyofuata kaka mkubwa wa Ndolo, Mulinge, alipanda basi kwenda Nairobi. Timu moja ilikuwa ikitafuta vijana warefu wa mpira wa kikapu, wasiozidi miaka kumi na minane, na Mulinge alikuwa akiinama kila mlangoni tangu alipoanza kunyoa ndevu, miaka mitano nyuma.

Alichukuliwa. Akacheza Kigali, kisha Misri, miaka kumi na mmoja, jezi imeandikwa Kiema mgongoni, jina la baba. Mshahara wake ulileta mabati, tangi la maji, na karo ya dada yake Nduku. Haukuleta neno hata moja kwenye msalaba.

Kavindu, jirani, hakunyamaza.

"Mtoto wako anarusha mpira wa mamilioni," alimwambia Syokau wakichota maji kwenye tangi hilohilo, "na mdogo wake analala chini ya fito mbili. Hata ng'ombe wangu wana majina."

Syokau aliinamia ndoo yake mpaka ikafurika.

Mwezi uliopita Mulinge alirudi na goti bovu. Klabu ilikuwa imemwahidi malipo ya mwisho, makubwa kuliko yote, ya kufidia goti hilo. Akawa anashinda nyuma ya nyumba, kiti chake kimelipa kaburi mgongo.

"Mwaitu, ngoja mwisho wa mwezi," alimjibu mama yake alipotaja kaburi. "Pesa ikishaingia tutaandika."

"Miaka kumi na mmoja nangoja mwisho wa mwezi wako."

"Huu ndio wa mwisho, mwaitu."

"Na nikifa tarehe ishirini?"

Mulinge akalisugua goti lake.

Kesho yake Syokau aliuza mbuzi wawili sokoni Emali, akarudi na fundi Kihara na mifuko mitatu ya saruji. Hakutaka shilingi ya mpira iguse kaburi lile.

Kihara alimpima Mulinge kwa macho, kutoka viatu hadi kichwa. "Ningekuwa na wewe kazini, ngazi ningeuza." Akafanya kazi yake, akalainisha saruji, akachukua msumari.

"Haya mama, inakauka. Marehemu alikuwa anaitwa nani?"

Syokau akamtazama mwanawe, kisha akatazama chini.

Mulinge aliinuka kwa shida, akaingia ndani, akatoka na pasipoti. "Andika kama ilivyo hapa."

Kihara aliifungua, akaandika taratibu: Ndolo Kiema. Alipotafuta mwaka wa kuzaliwa, jicho lake likafika kwenye picha. Akamwinulia macho yule aliyempa.

"Lakini hii sura ni yako."

"Maliza, fundi," Mulinge alisema.

Jumatatu saa mbili asubuhi, Syokau na mwanawe wanakwenda kwa chifu kuripoti kifo cha Ndolo, malipo ya klabu yakiwa bado hayajaingia.