Homoni ya Shibe

Dakta Sikudhani alikuwa akichunguza mafuta ya mwili na homoni yanayoitoa, ile inayoujulisha ubongo kwamba mwili una akiba ya kutosha. Mzee Kibwana, fundi saa mstaafu, alikuwa mmoja wa waliojitolea kupimwa kila mwezi.

"Jana ulikula nini, mzee wangu?"

"Pilau ya kuku. Mkwe wangu alipika, wajukuu wakagombania mapaja."

Sikudhani hakuandika. Majibu ya damu yalikuwa mbele yake. Homoni ile ilikuwa imeshuka mno, na tangu mwaka uanze mzee alikuwa amepungua kilo sita. Mwili huo haukuwa umeonja pilau kwa muda mrefu.

"Mzee wangu, damu inaniambia huli."

Mzee akainamisha kichwa. "Walihama, mwanangu. Mwaka juzi. Napika vizuri tu, kisha nakaa nakitazama chakula mpaka kinapoa."

Sikudhani alikujua kukitazama huko. Yeye mwenyewe kila jioni alikula amesimama jikoni, redio ikipiga kelele ili nyumba isiwe kimya. Alitoa bakuli lake la wali na samaki, akalifunua, akalisogeza katikati ya meza.

"Karibu tule."

Mzee akanawa mikono taratibu, akaketi, akafinyanga tonge. Lakini hakulitia kinywani. Alilishika vivyo hivyo, macho yake mlangoni, kama mtu anayewangoja wenzake waje wakae.