Noyau ya Zamani

Kidole cha Wivine kilisimama juu ya herufi O, ya oui, yaani ndiyo. Kompyuta ya kituo cha afya cha Kibabi ilikuwa imemuuliza kwa Kifaransa kama kweli anataka kufuta noyau ya zamani, kile kiini cha mfumo kinachoiamsha mashine.

Nafasi ilikuwa imejaa. Bila kuifuta, marekebisho yasingekamilika, na programu ya chanjo isingefunguka.

Noyau mpya alikuwa ameijaribu asubuhi, akiomba moyoni ikatae. Haikukataa. Iliwaka upesi, ikaitambua modemu, ikaitambua hata imprimante, mashine ya kuchapa.

Ile ya zamani aliiweka mume wake, wiki moja kabla ya kwenda Walikale asirudi tena. Tangu hapo, kila mpya ilipokuja Wivine alifuta nyingine na kuiacha hiyo, ingawa haikuwa na kazi. Sasa zilibaki mbili tu, hiyo na mpya. Kila alipowasha mashine, namba ya noyau hiyo ilitokea chini kabisa ya orodha. Aliisoma kwanza, ndipo akachagua mpya.

"Mama Wivine," muuguzi aliita toka mlangoni, "masini inatembea? Bamama banangojea na batoto."

"Kidogo tu, dada."

Mvua ilianza kugonga mabati. Wivine alipangusa kidole kwenye kitenge chake, kana kwamba kilikuwa na unga, akakirudisha juu ya O. Akabonyeza.

Mistari minne ilipita kwenye kioo, kisha nafasi ikawa wazi.

"Inatembea," alisema.

Akageuka. Muuguzi alikuwa amesharudi kwa akina mama. Mlangoni hapakuwa na mtu.