Ukuta wa Mwajabu

Kila asubuhi katika chuo kile cha uashi, kuta za jana zilibomolewa. Wanafunzi walizijenga kwa udongo mtupu ili matofali yatumike tena. Mwajabu, aliyeletwa kutoka rumande kwa kesi ya wizi, alikuwa amechoka kujenga vya kubomolewa.

Fundi Kalembo, mwalimu wao, akausukuma ukuta wa Mwajabu kwa mguu. Haukutikisika. Akakwangua katikati ya matofali kwa kucha.

"Saruji umeitoa wapi, binti?"

"Stoo." Kila aliyeiba pale alirudishwa rumande siku hiyohiyo. "Nilitaka ukuta mmoja tu ubaki, fundi."

Badala ya kwenda kumshtaki, fundi aliweka pimamaji juu ya ukuta, akainama. Mwajabu naye akainama, akabana pumzi, wakakitazama kiputo cha hewa ndani ya pimamaji kikienda huku na huku, kikitafuta katikati.