Mkono wa Shomvi

Tangu gonjwa liingie mjini, Badi na rafiki yake Shomvi walikaa mbalimbali bwawani, kopo la chambo katikati. Walivua kila Jumamosi, kwa starehe tu.

Leo Badi hatulii. Anatupa ndoana, anaivuta, anaitupa tena. Mfukoni ana karatasi ya zahanati: chanjo, mwisho saa sita mchana. Na mtaani wanasema sindano ile inapoozesha mkono.

Shomvi, aliyechanjwa jana, aliinua ufito wake wa kuvulia arushe ndoana. Mkono ukagoma.

"Umepooza!" Badi aliruka. "Si nilikwambia?"

"Unauma tu, ndugu yangu. Hebu nirushie."

Badi alisita, kisha akavuka kopo, kwa mara ya kwanza baada ya miezi kumi. Akarusha. Papo hapo ufito ukapinda hadi majini. Shomvi akaudaka kwa mkono uleule, akavuta huku anaguna na kucheka, mpaka kambale akatua kwenye nyasi.

"Saa ngapi?" Badi aliuliza.

"Sita kasoro robo."

Badi aliipapasa karatasi mfukoni, akageukia njia ya zahanati. Nyuma yake, boya la ndoana yake mwenyewe lilichezacheza, likazama.